Redis ikijibu PONG, tuiamini?

Redis ni hifadhi ya data inayokaa kwenye kumbukumbu, na wengi huitumia kama kache, yaani ghala la muda linaloipunguzia hifadhidata kazi. Ukiiambia PING, inajibu PONG. Kwa wengi wanaoendesha kache ndani ya kontena (kifurushi kinachoendesha programu ikiwa imetengwa), kipimo cha afya kinaishia hapo: `redis-cli ping` (redis-cli ni programu ya kuipa Redis amri) kwenye HEALTHCHECK ya Docker, programu inayoendesha kontena, kila sekunde 30, ikishindwa mara 3 mfululizo kontena linahesabiwa gonjwa.

Wanaokitetea wana hoja. Ni chepesi, hakihitaji programu ya ziada, na seva iliyoganda hainyanyui mdomo hata kama prosesi yake bado inaonekana hai.

Ila kina mtego wa kijinga. Seva ikirudisha kosa, redis-cli humaliza kwa 0, yaani shwari, isipokuwa umeipa `-e` iliyokuja na toleo la 7.0. Weka nenosiri, sahau kulitaja kwenye kipimo: seva inajibu NOAUTH (hujajitambulisha), Docker inasoma 0, kontena linapewa cheti. LOADING, jibu la seva ambayo bado inapakia data, nalo hupita hivyo hivyo. Linganisha jibu lenyewe na neno PONG, basi.

Wapo wasioridhika hata na hapo. Wanataka kipimo kiandike ufunguo, kiusome, kiufute. Kweli, kumbukumbu ikifika kikomo cha maxmemory chini ya noeviction (mpangilio wa kutofuta data ya zamani ili kupata nafasi), Redis hukataa kuandika huku ikiendelea kujibu PONG kwa furaha. Lakini kontena likishaitwa gonjwa, nani anafanya nini? Docker peke yake inabandika alama tu. Kubernetes, mfumo wa kusimamia makontena mengi, haiisomi HEALTHCHECK hiyo kabisa. Ina vipimo vyake, na cha uhai kikishindwa, kontena linauawa. Kuua kache kwa kosa la kujaa ni kuimwagia hifadhidata maombi yote kwa mkupuo.

Na PING yenyewe si salama kama inavyosifiwa. Diski ikijaa na Redis ikashindwa kuhifadhi RDB (nakala ya data kwenye diski), kwa mipangilio yake ya kawaida inakataa kuandika, na hata PING inajibiwa kosa la MISCONF badala ya PONG. Kipimo cha uhai kinachodai PONG kitaiua seva saa ileile ambapo data mpya ipo kwenye kumbukumbu tu, haina nakala kwingine. (Aliyezima RDB hana hofu hiyo.)

Mimi PONG ningeiweka kwenye kipimo cha utayari, kile kinachosimamisha maombi bila kuua. Ukiwa na kontena moja tu, programu itaikosa kache vilevile, lakini data inabaki. Cha uhai ningekiacha kilegelege: kigonge mlango wa Redis, 6379, kisubiri kwa muda mrefu. Kumbukumbu na diski zikijaa, king'ora kimwamshe mtu.