Usiku wa Madelón

Kila nikikuta watu wanaongelea mashoga kwenye sinema za Hispania, stori inaanzia kwa Almodóvar, yule muongozaji filamu wa Kihispania. Madrid ya usiku, rangi kali, muziki, kila mtu yuko huru. Nampenda Almodóvar, sina ugomvi nae, ila stori ikianzia hapo inaniuma, maana inaruka ile miaka migumu ya katikati, tangu dikteta Franco afe Novemba 1975 mpaka mwanzoni mwa miaka ya themanini, na mi naona utamu wote uko hapo.

Hebu fikiria. Dikteta kafa, nchi inaambiwa demokrasia inakuja, Oktoba 1977 bunge linapitisha sheria ya msamaha, wafungwa wa kisiasa wanaachiwa. Lakini shoga aliyefungwa kwa sheria ya 1970, ile ya kudhibiti watu "hatari kwa jamii", msamaha haumhusu. Na magereza ya kuwaweka yalikuwepo kabisa, Badajoz na Huelva, ati wakarekebishwe. Karibu miezi minne kabla ya msamaha huo, tarehe 26 Juni, maelfu walishaandamana Barcelona pale Rambla, barabara maarufu ya katikati ya mji, matransi, yaani waliozaliwa wanaume wakaishi kama wanawake, wako mbele kabisa, polisi wakawapiga risasi za mpira. Mashoga wamekuja kuondolewa kwenye ile sheria ya 1970 mwisho wa Disemba 1978, wiki chache baada ya nchi kupigia kura katiba mpya. Yaani walikuwa wa mwisho kufunguliwa mlango.

Ukilijua hilo, kazi za miaka ile zinasomeka tofauti kabisa. Chukua filamu ya El diputado (Mbunge) ya Eloy de la Iglesia, ya 1978. Mhusika mkuu ni mbunge wa mrengo wa kushoto, alishafungwa enzi za Franco, sasa demokrasia imefika na bado ana siri, na wale wa mrengo wa kulia wanaitafuta hiyo siri wammalize nayo. Eloy mwenyewe alikuwa shoga na mkomunisti, alijua anachokisema, na wakosoaji wengi walimdharau eti filamu zake hazina ustadi. Mi nasema walimkosea. Alikuwa anawauliza wenzake wa chama swali ambalo hawakutaka kuulizwa, huo uhuru tunaoupigania ni wa nani?

Mwaka huohuo Ventura Pons akatoa filamu kuhusu Ocaña, mchoraji kutoka Cantillana karibu na Sevilla, aliyekuwa anakatiza Rambla na gauni lake mchana kweupe. Anakaa tu mbele ya kamera anaongea, utoto, kijiji, Bikira Maria anayempenda kwa dhati, na unamuamini kila neno. Alifariki 1983 baada ya vazi lake la karatasi kushika moto kwenye sherehe ya kijijini kwao. Kila nikikumbuka hilo nanyamaza kidogo.

Wanawake walipata nafasi finyu zaidi. Riwaya ya Esther Tusquets ya 1978, ile ya profesa na mwanafunzi wake Clara kule Barcelona, ina sentensi ndefu zinazokuvuta kama maji ya bahari, halafu mwishoni profesa anarudi kwa mumewe. Iliniumiza ila sikushangaa.

Ila nikilazimishwa kuchagua kitu kimoja tu nachagua riwaya ya Eduardo Mendicutti, Una mala noche la tiene cualquiera (yaani usiku mbaya humpata yeyote), ya 1982. Ni usiku wa tarehe 23 Februari 1981, askari wamevamia bunge na bunduki, na sisi hatuko bungeni, tuko kwenye nyumba ya Madelón, transi anayeishi Madrid, masikio yote kwenye redio, anawaza wakishinda hawa mimi narudishwa wapi. Wabunge walikuwa na vyama vya kuwatetea, yeye ana kabati la nguo na woga. Na anaongea! Anaruka huku na kule, anachekesha, anaogopa, anakuambia mambo kama shoga anavyomwambia shogaye uani, kwa ile maana ya zamani ya neno, ya rafiki wa kike wa kumpa siri zako zote.

Kwao Madelón ni Sanlúcar de Barrameda, mji wa baharini kule Andalusia, na lafudhi ya kwao haijamtoka. Natamani sana siku moja mtu aitafsiri riwaya hii kwa Kiswahili, na Madelón aongee kama mtu wa Mombasa au Unguja.