Maji Maangavu, Viumbe Wenye Njaa

Wiki hii nimeonyeshwa picha ya ziwa lililoharibiwa na mvua ya asidi, maji maangavu hadi mawe ya chini yanahesabika. Aliyenionyesha akasema, "Tazama lilivyo safi." Nilishindwa kunyamaza.

Uangavu ule una chanzo chake. pH, yaani kipimo cha uasidi ambacho kadiri kinavyoshuka asidi huzidi, ikishuka chini ya 5.5 hivi, alumini iliyofungwa kwenye udongo huyeyuka na kuingia ziwani. Humo hushikamana na mabaki ya mimea yanayoyapa maji rangi, ikazama nayo.

Kinachoniumiza zaidi ni namna vipimo vinavyosomwa. Planktoni ya mimea, yaani vimea vidogo mno vinavyoelea majini, ikipungukiwa fosforasi hutoa nje ya seli kimeng'enya (protini inayoharakisha mabadiliko ya kikemia) kiitwacho fosfatesi, kazi yake kukata fosfeti, fosforasi iliyo tayari kuliwa, kutoka kwenye molekuli za kikaboni ili seli iinyonye. Alumini huiwahi fosfeti hiyo na kuing'ang'ania. Wahenga walisema mwenye kisu kikali ndiye alaye nyama. Hapa kisu ni kikali, nyama ndiyo imefungwa. Basi planktoni hutoa kimeng'enya kingine, na kingine tena, ikiteketeza nitrojeni na nguvu ambazo zingeikuza. Halafu mtu anapima maji, anakuta fosfatesi iko juu, anaandika kwamba viumbe wana afya. Jamani, hiyo ni njaa! Katika ziwa Plešné, Jamhuri ya Cheki, fosfatesi ilikuwa juu hivyohivyo, na alumini ilikuwa tele.

Alumini si metali pekee yenye madhara. Kadimiamu nayo huweza kukalia nafasi ya zinki ndani ya kimeng'enya. Zebaki hushika salfa ya protini.

Haya, nakubali: asidi haizidishi sumu ya kila metali. Ioni za hidrojeni hugombea na kadimiamu mlango wa kuingilia kwenye seli, na wakati mwingine hushinda. Kwa alumini, nafuu hiyo haifungui fosfeti iliyokwisha kushikwa.

Wengine husema samaki ndio kipimo cha afya ya ziwa. Kuanzia 1976 wanasayansi wa Kanada walilitia ziwa la majaribio liitwalo Ziwa 223 asidi ya salfuriki kidogokidogo, pH ikatoka karibu 6.8 hadi karibu 5. Samaki wakubwa aina ya trauti walikuwa bado wanaogelea, wamekonda vibaya, huku samaki wadogo waliokuwa chakula chao wameshatoweka. Kwa hiyo kuona samaki wakiogelea hakunitoshi, na nikiletewa ripoti ya ziwa la asidi yenye fosfatesi bila kipimo cha alumini na fosfeti kando yake, nairudisha.