Mawe ya Kericho na meza ya wakwe

Mjomba aliutazama mchoro kwenye simu yangu, akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena. "Huyu mgonjwa bado yuko hai?"

Alidhani nimemletea kipimo cha moyo. Nikamweleza kwamba ni Skew-T, mchoro wa hewa ya Kericho kuanzia mashambani hadi kunakopita ndege. Mstari mwekundu ni joto, wa kijani ni kiwango cha umande. Huku chini ilikuwa inakaribia kugusana, maana hewa imeshiba unyevu. Huko juu imeachana kabisa. Wa tatu ni wa hewa inayopanda. Ukikaa kulia kwa ule mwekundu, basi hewa hiyo ina joto kuliko majirani zake, itapaa yenyewe bila kusukumwa. Eneo lililo kati ya mistari hiyo miwili ndiyo nishati ya dhoruba, wenyewe huiita CAPE, na siku hiyo ilikuwa imepita jouli 2,000 kwa kila kilo ya hewa.

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo wageni wa harusi waanze kula saa sita, Mjomba. Ikifika saa tisa tutapigwa na mvua ya mawe."

"Mpwa wangu, hapa hunyesha kila alasiri. Karo yote ile tulichanga ili uje utuambie hilo?"

Hapo alinibana. Kericho hutajwa miongoni mwa sehemu zinazopigwa mawe mara nyingi zaidi duniani. Upepo wenye unyevu wa Ziwa Victoria hupanda huku milimani ukakutana na ule wa mashariki. Nao mji uko mita 2,000 hivi, ilhali baridi ya kugandisha huanzia chini kidogo ya mita 5,000, kwa hiyo mawe hayana safari ndefu ya kuyeyukia njiani.

"Na nani alipanda huko juu kupima?"

Nikamtajia puto linalorushwa Dagoretti Corner. Lakini hilo hupima Nairobi, ng'ambo ya Bonde la Ufa, karibu kilomita 200 kutoka kwetu. Mchoro wangu ulitoka kwenye kompyuta.

"Kompyuta ya wapi?"

"Ulaya."

Mjomba akacheka mpaka akaita wanakamati wenzake waje wasikie. Yeye ndiye mwenyekiti wa harusi ya dada yangu. Ratiba ikabaki palepale.

Saa tisa kasorobo, wakwe ndio kwanza wanapakuliwa wali, kukaingia giza. Mawe ya kwanza yalikuwa kama punje za mahindi. Yaliyofuata yalimnyamazisha MC: mdomo unacheza, sauti haisikiki. Mpishi akajifunika mfuniko wa sufuria, watoto wakaingia chini ya meza. Mimi nilikuwa nalikodolea macho hema la kukodi, ambalo tumbo lake lilizidi kushuka kwa uzito wa barafu juu ya meza yetu.

Nikachukua ufagio, nikalisukuma tumbo kwa mpini.

Lilitoka lote kwa mpigo, barafu na maji, likateremkia upande wa pili na kupitia kwenye mwanya wa turubai hadi meza ya wakwe. Baba mkwe wa dada akabaki ameshika kijiko, mawe yamejaa kwenye wali, mengine yanaelea kwenye bilauri yake ya maziwa ya mursik.

Mjomba akaja polepole akanisimamia kando, maji yakimchuruzika usoni.

"Na hii," akasema, "Ulaya waliiona?"