Mizani Kwanza, Nozeli Baadaye

Wengi wanaoanza kuoka keki nyumbani huanzia mwisho. Mtu ameona picha ya keki ya ghorofa tatu, ina maua ya krimu yaliyopangika, moyo ukamwenda mbio. Kesho yake ananunua boksi la nozeli za kila umbo, yaani vile vichwa vya chuma au plastiki vya kutolea krimu, rangi za kila aina na mifuko ya kupambia. Keki yenyewe anaipima kwa kikombe na kwa macho. Matokeo yake inapendeza kwa nje, ukiikata ni kavu, au imedidimia katikati na shimo limefukiwa kwa krimu. Nayapenda mapambo, tena sana, na ndiyo maana inaniuma kuona kazi ya mikono mizuri ikiwekwa juu ya keki ambayo mlaji ataiacha kwenye sahani. Mwenye uwezo wa kununua kifaa kimoja tu, namsihi anunue mizani ya jikoni.

Kikombe hakisemi kweli kuhusu unga. Ukiujaza taratibu kwa kijiko, kikombe cha kawaida huchukua takriban gramu 120. Ukikichovya chenyewe kwenye mfuko na kukishindilia, kinaweza kufika gramu 150. Kwenye vikombe vitatu umeshazidisha gramu 90 bila kujua, na keki ikitoka ngumu lawama zote zinaiangukia oveni.

Ukishakuwa na mizani, kuna kanuni moja ya zamani ambayo mwanafunzi yeyote wa keki anaweza kuishika kichwani siku hiyohiyo: uzito sawa. Pima mayai manne na maganda yake. Yakitoka gramu 220, basi siagi iwe gramu 220, sukari 220 na unga wa ngano 220, pamoja na vijiko viwili vya chai vya beking pauda. Mchanganyiko huo unatosha vyombo viwili vya duara vya sentimita 20, kwa nyuzijoto 180, dakika 20 hadi 25. Mayai yakiwa makubwa au madogo, vitu vingine vinayafuata. Oka hiyo peke yake, tena na tena, kabla hujagusa chokoleti, ndizi wala karoti.

Kazi yenyewe iko kwenye siagi na sukari, na hapa ndipo wengi hukimbia haraka mno. Siagi iwe laini kiasi kwamba kidole kinaacha alama, lakini isianze kuyeyuka. Ipige na sukari mpaka ule unjano ufifie, rojo liwe jepesi na karibu jeupe. Kwa mashine ni dakika tatu hadi tano, kwa mwiko ni mpaka mkono ulalamike na bado uendelee kidogo. Chembe za sukari zinapokwaruza kwenye siagi huingiza hewa, viputo vidogo visivyoonekana kwa macho. Beking pauda, ambayo Mwingereza Alfred Bird aliibuni mwaka 1843 kwa sababu mkewe alikuwa akidhurika na hamira, haitengenezi viputo vipya; inavijaza gesi na kuvikuza vile ulivyokwisha kuviweka wewe. Ndiyo maana kuongeza kijiko cha tatu cha pauda hakumwokoi aliyepiga siagi kwa sekunde chache. Kitakachobaki ni uchungu mdomoni.

Mayai yasiwe ya baridi, na yaingie moja moja. Yai la kutoka kwenye friji huigandisha siagi na rojo linakatika, linaonekana kama maziwa yaliyoharibika. Likikatika, tia kijiko cha unga, litashikana. Unga wote ukishaingia, koroga mpaka weupe wake upotee, kisha acha. Kila mzungusho wa ziada unakaza gluteni, ule mnato wa unga wa ngano, na gluteni ni rafiki wa mkate, si wa keki.

Oveni usiifungue kabla robo tatu ya muda haijapita. Ndani bado ni laini, joto likishuka ghafla keki inakaa chini na haiinuki tena.

Sasa mapambo. Kwa anayeanza, krimu ya siagi inatosha kabisa: siagi sehemu moja, sukari ya unga sehemu mbili, kwa uzito. Keki ipoe mpaka ndani. Siagi huanza kulegea kwenye joto dogo tu, na ikifika nyuzijoto thelathini na kitu imeshayeyuka, kwa hiyo keki yenye uvuguvugu tu inatosha kuiteremsha krimu yote pembeni. Mimi napendelea kuifunga keki na kuilaza usiku mzima. Asubuhi inakatika bila kumeguka. Sawazisha juu kwa kisu cha meno. Paka tabaka jembamba la krimu ili kushika chembe zote za keki, weka kwenye friji nusu saa, kisha paka tabaka la pili. Hatua hiyo ya tabaka la kwanza wengi huiruka, nayo ndiyo inayotenganisha keki safi na keki yenye madoadoa. Unapolainisha pembeni, spatula itulie, kinachozunguka kiwe kibao kilichobeba keki.

Nozeli moja ya nyota yenye mdomo mpana itakupa nyota, makombe, kamba na waridi za mviringo. Izoee hiyo mpaka mkono ujue kubana na kuachia kwa kipimo kilekile. Rangi chagua ya jeli, kwa kuwa ya majimaji hulegeza krimu, na ukiona haijakolea usikimbilie kuongeza: hukolea yenyewe ikikaa saa chache. Fondanti, ile sukari laini inayosukumwa kama chapati na kufunika keki, naomba isubiri. Inaonyesha kila bonde la keki iliyo chini yake, na ikitoka kwenye friji hutoa jasho na kunata.

Jina la mwenye sherehe usiliandike moja kwa moja juu ya keki. Kata karatasi ya kuokea kwa ukubwa wa keki, andika hapo kwanza, uone herufi ya mwisho inaangukia wapi. Krimu utaikwangua na kuirudisha kwenye mfuko, uandike tena.