Kanuni za Mitihani Zimbane na Mhadhiri Pia

Mwanafunzi wa chuo kikuu hapa Tanzania huijua hesabu hii kabla hata hajazoea njia ya kwenda kantini: kwa vyuo vyetu vingi, alama 40 kati ya 100 zinatoka kwenye coursework, yaani test na kazi za muhula, na 60 kwenye UE, mtihani wa mwisho wa muhula. Ukikosa test bila cheti cha daktari, imekula kwako. Ukichelewesha kazi, unakatwa alama. Usipohudhuria vipindi, mlango wa chumba cha mtihani unafungwa. GPA, yaani wastani wa alama zako, ikishuka chini ya kiwango, umedisko, nenda nyumbani ukawaeleze wazazi.

Sina ugomvi na masharti hayo. Daktari atakayemtibu mama yangu na mhandisi atakayejenga daraja ninalopita, wote nataka wawe wamebanwa hivyo hivyo.

Ugomvi wangu ni kwamba kubanwa huko ni kwa upande mmoja. Soma kanuni za mitihani za chuo chako kwa utulivu. Kila kosa la mwanafunzi limewekewa adhabu yake hapo hapo. Ukifika kwenye wajibu wa mhadhiri, unakuta kwamba coursework itolewe kabla ya UE, kisha nukta. Asipoitoa? Kanuni inanyamaza, na mwanafunzi ndiye anayebeba mzigo.

Nilikuwa CR, yaani mwakilishi wa darasa letu, kwa hiyo mlango wa ofisi ya mhadhiri wa somo moja la lazima niliugonga sana. "Shikamoo Dokta." "Marahaba, CR. Waambie wenzako wasome, nasahihisha." Hakuwa mtu mbaya. Karatasi za mamia ya wanafunzi zilikuwa zimejaa mezani mpaka zikashuka sakafuni, na msaidizi hakuwa naye. Orodha ya coursework ilibandikwa jioni, UE ikiwa kesho yake asubuhi. Tulisukumana ubaoni kupiga picha kwa simu, kila mtu akivuta picha ikuze namba yake ya usajili. Kwenye safu ya test two, baadhi yetu walikuwa na kistari tu. Karatasi zao hazikuonekana.

Mmoja wa wenye vistari alikuwa kati ya vichwa vya darasa. Aliingia kwenye UE bila kujua anaanzia alama ngapi, na matokeo yalipopanda kwenye mfumo alikuwa na sapu, yaani mtihani wa kurudia. Ikabidi aandike barua kwa mkuu wa idara, aambatanishe nakala ya karatasi ya mahudhurio aliyosaini siku ya test, asubiri, aandike tena. Karatasi yake ilikuja kuonekana wakati sapu ameshaifanya. Aliyeipoteza hakuandika hata mstari mmoja wa maelezo, kwa sababu hakuna kifungu kinachomtaka aandike. Na rufaa, kama mnavyojua, mwanafunzi hulipia kwanza ndipo isikilizwe.

Kuna jambo ambalo walio nje ya chuo hawalioni. Bodi ya Mikopo inampa fedha mwanafunzi anayeendelea baada ya chuo kupeleka matokeo yanayoonyesha kwamba amefaulu kuingia mwaka unaofuata. Matokeo yakichelewa, bumu, yaani fedha hizo za mkopo, linachelewa. Mwenye nyumba hangoji seneti ya chuo ikae kupitisha matokeo, na mama lishe ana mwisho wa kukopesha. Kwa mtoto wa mkulima anayetegemea mkopo kwa kila kitu, alama moja isiyoingizwa kwenye mfumo ni wiki kadhaa za kulala na njaa. Wenzetu wa Kenya nao wamelilia jambo hili miaka mingi: wapo waliofika mwaka wa mwisho wakazuiwa kuvaa joho kwa sababu alama za somo la mwaka wa kwanza hazijulikani zilipo.

Wahadhiri nao wana lao, na lazima lisemwe. Mhadhiri hupandishwa cheo zaidi kwa machapisho yake; kurudisha karatasi za test mapema hakumsogezi popote. Akiomba mtu wa kumsaidia, ajira inasubiri kibali, na hata kibali kikipatikana, anayetafutwa awe na GPA ya 3.8 kwenda juu katika shahada ya kwanza. Sera inamjazia ukumbi, inamnyima wasaidizi, halafu inampima kwa makala alizochapisha. Mtu yeyote angeanza na kile anachopimiwa.

Basi naye apimwe kwa hili. Ninachopendekeza ni kifungu kimoja tu: coursework ya kila somo iwe kwenye mfumo siku 7 kabla ya UE ya kwanza, na mwanafunzi awe na siku 3 za kulalamikia alama isiyoonekana. Somo lisilotimiza hilo, mkuu wa idara atoe maelezo ya maandishi kwa mkuu wa kitivo, na maelezo hayo yaingie kwenye jalada linalofunguliwa siku ya kujadili kupanda cheo. Karatasi ikipotea mikononi mwa idara, mwanafunzi asipewe sapu hadi suala lake limalizike, na ada ya rufaa asilipe. Kwa vyuo vya umma njia ya kufuatilia ipo tayari: watumishi wanajaza malengo yao kwenye PEPMIS, mfumo wa serikali wa kupima utendaji wao, na tarehe ya kurudisha alama ni lengo linalopimika kuliko mengi yanayojazwa humo.

Najua kuna watakaosema mhadhiri hawezi kuwekewa saa kama karani. Mwanafunzi wa miaka 20 amewekewa, na anatimiza.

Viongozi wa serikali za wanafunzi, mna wawakilishi kwenye seneti, na kanuni za mitihani zinapitia humo. Mwaka huu, kabla ya kuomba fedha za bonanza, pelekeni kifungu hiki. Kipelekeni kwa maandishi, pamoja na orodha ya masomo ambayo muhula uliopita coursework yake ilitoka UE imeshaanza. Ma-CR wote wanayo orodha hiyo kwenye magrupu yao ya WhatsApp.