Gari ya posa iliyotangaza inarudi nyuma mpaka Lushoto

Wakuu, kabla sijaanza mjue baba mdogo ni mtu mwema kabisa, hana ubaya na mtu, shida yake ni moja tu, akiona gari ya familia imetulia haina tatizo moyo unamuuma. Toyota Wish ya nyumbani ni gari ya siti saba, injini ya 1.8, imebeba wagonjwa, imebeba maharusi, imebeba mpaka mbuzi. Na kwenye utunzaji mimi sina utani, oili kila kilomita 5,000, gia boksi inapata ile oili ya T-IV iliyoandikwa kwenye kitabu sio "weka yoyote mradi nyekundu", rejeta inakunywa kulanti sio maji ya bomba, na kuna fundi aliwahi kutaka kuitoa thamostati eti nchi ya joto hii haihitajiki, nikamwambia fundi injini ikichelewa kupata moto inakula mafuta, utakuja kunilipia shel wewe? Akafunga boneti kimya kimya.

Baba mdogo yeye imani yake iko kwenye kuongeza. Alitaka tuweke spesa gari ipande juu "ionekane ya kiume", nikakataa, maana ukiinyanyua kupita kiasi zile shafti za mbele zinakaa mshazari, buti za CV joint, ile mipira inayofunika maungio ya shafti, zinachanika, grisi inamwagika, mchanga unaingia, na baada ya muda ukikata kona unasikia ka-ka-ka-ka. Tuligombana kidogo. Yakaisha, nikajua yameisha.

Sasa siku moja kabla ya kupeleka posa ya mdogo wangu kule Lushoto, baba mdogo akaomba funguo eti anaipeleka gari ikaoshwe. Ikarudi jioni imeoshwa kweli, inang'aa, na chini ya bampa la nyuma kuna kidubwasha cheusi kama kopo la Blue Band. Spika ya rivasi. Zile za kwenye malori. Akanieleza kwamba wajukuu wanacheza sana nyuma ya gari hapo nyumbani, kamera ya Mjapani haioni kila kitu, bora gari iseme yenyewe watoto wakimbie. Kusema ukweli hapo sikuwa na la kumjibu, wazo zuri. Akawasha, akaweka R, ikasema kwa sauti ya dada mmoja hivi mkali: "Atenshen plizi! Ka iz beking!" Wajukuu wakapiga makofi. Nikamuuliza huko njiani imekuja vizuri? Akasema ilikuwa inaropoka ropoka kidogo ila fundi kamwambia kitu kipya lazima kijisetie, ukitembea umbali kinatulia chenyewe.

Alfajiri tukapakia. Mchele, sukari, mafuta ya kula, vitenge, kreti za soda, vyote nyuma mpaka juu kabisa, kioo cha nyuma hakionekani. Shangazi na mama mkubwa siti za kati, mshenga wetu, mwalimu mstaafu, kavaa koti na kofia, mdogo wangu kabanwa kule mwisho na mchele, baba mdogo mbele na mimi. Nikawasha. Kwanza akaongea yule dada wa Kijapani, wenye magari ya kuagiza mnamjua, ule ni mtambo wa ETC wa kulipia barabara za kulipia huko kwao, anadai kadi kila ukiwasha gari mpaka unakufa, dawa yake ni kuchomoa soketi tu lakini mama mkubwa alishamzoea akanikataza. Nikakanyaga breki niingize D.

"Atenshen plizi! Ka iz beking!"

Nikamwangalia baba mdogo. Akasema "inajisetia".

Jamani. Foleni ya Kimara mnaijua, unakanyaga breki, unaachia, unakanyaga. Kila nikigusa breki dada anatangaza tunarudi nyuma. Nyuma yangu kulikuwa na jamaa na pikapu, mara ya kwanza akapiga honi, mara ya pili akatoa kichwa dirishani, mara ya tatu naona kwenye kioo cha pembeni jamaa anarudi nyuma kweli kutupisha! Wa nyuma yake akaanza honi, wa nyuma yake naye, foleni ambayo kwa kawaida inaenda mbele ikaanza kurudi Ubungo. Konda wa daladala pembeni anapiga bodi anasema "suka unaenda wapi mbona hueleweki?" Shangazi akaanza kusali.

Trafiki alitusimamisha kabla ya Chalinze. Nikasimama vizuri, na kusimama maana yake breki, kwa hiyo tukamfikia tunamtangazia kwamba tunarudi. Akazunguka nyuma, akasema kanyaga. Nikakanyaga. Achia. Kanyaga. Akamwita mwenzie. Mwenzie akasema kanyaga. Wakaita na wa tatu aliyekuwa kivulini. Mwisho yule wa kwanza akaja dirishani anajifuta machozi akasema, dereva, ningekuandikia elfu thelathini yangu lakini taa zinawaka, leseni iko sawa, na hakuna mahali palipoandikwa gari isiseme uongo. Nenda.

Pale Chalinze tukashuka kunywa chai na supu, nikasema hii waya naikata. Shida ni kwamba waya umeunganishwa ndani, nyuma ya taa ya kushoto, na kuifikia taa lazima ushushe mzigo wote. Shangazi akasimama mlangoni mikono kiunoni, vitu vya posa havishushwi njiani, hajawahi kuona, hatafanya yeye. Mshenga akamuunga mkono. Basi nikaenda chooni, na hapo ndipo baba mdogo alipopata nafasi.

Narudi namkuta ana fyuzi mkononi, anatabasamu. Kafungua boksi la fyuzi chini ya dashibodi, kakuta moja imeandikwa STOP, kaichomoa, kakanyaga breki, kimya. "Umeona? Mambo madogo haya." Wote tukampongeza, mama mkubwa akamnunulia soda. Tukapanda, nikawasha, nikakanyaga breki, kimya kweli, raha, nikavuta gia kutoka P.

Haitoki.

Navuta, haitoki. Nazima nawasha, haitoki. Baba mdogo akaleta nguvu zake, haitoki. Baba mdogo akasema gia boksi imekufa, ni ile oili yako ya kwenye kitabu. Hapo nikakaribia kumkosea heshima mzee. Mdogo wangu kule kwenye mchele anauliza sasa mimi sioi? Akatokea dereva wa semi aliyekuwa anakula pembeni, kashika mfupa, akauliza mmegusa nini. Akaonyeshwa fyuzi. Akacheka mpaka mfupa ukamdondoka.

Akatufundisha palepale na mimi naandika hapa mwenye gari ya otomatiki ashike. Gia ya otomatiki ikiwa P inafungwa na kufuli dogo, na lile kufuli linafunguka likipata taarifa kwamba mguu uko kwenye breki. Hiyo taarifa inatoka kwenye swichi ileile ya taa za breki. Ukitoa fyuzi ya STOP umezima taa za breki, umezima na taarifa, gari inakuona hujakanyaga kitu, haikupi gia. Ndiyo maana pia ikitokea siku gia imegoma kutoka P, usikimbilie kushusha gia boksi, mwambie mtu akuangalizie nyuma kama taa za breki zinawaka, mara nyingi ni fyuzi au kaswichi ka pale kwenye pedeli. Na pembeni ya gia kuna kitufe kidogo au kitundu kimeandikwa SHIFT LOCK, unabonyeza huku mguu uko kwenye breki, unavuta gia, inatoka. Akabonyeza na ncha ya funguo, ikatoka. Halafu akasema, ila mkienda bila taa za breki lori kama langu litawalala mgongoni, rudisheni fyuzi.

Tukarudisha. Dada akarudi.

Shangazi akajitolea kanga, nikalala chini ya bampa nikaikaza kwenye ile spika, ikapunguza, sasa ikawa sauti ya mtu kafungiwa stoo. Msata, Wami, Mkata, Kabuku, kila kijiji ni kibao cha spidi hamsini na matuta, nikajifunza kuachia mafuta mbali kabisa gari ipungue yenyewe nisiguse breki. Baba mdogo akasema unaona, imekufundisha udereva. Segera pale kwa wauza machungwa kanga ikadondoka, na wale vijana walivyosikia tunarudi nyuma wakajua tunarudi kununua, wakatukimbilia kundi zima. Tulinunua. Ungefanyaje.

Sasa Mombo kupanda Lushoto kupitia Soni, aliyepita anajua, barabara imebanwa na mlima huku, korongo huku, kona juu ya kona, na malori ya kabichi na viazi yanashuka. Kwenye tambarare watu walikuwa wanacheka. Kwenye mlima hakuna anayecheka ukimwambia unarudi nyuma. Tulikwama nyuma ya lori limesimama kwenye kona, mlima mkali, nikashika breki, dada akaanza na hanyamazi maana siwezi kuachia, "ka iz beking, ka iz beking", nyuma yetu Kosta imejaa abiria, nasikia humo ndani mayowe, mtu anaita Yesu, mwingine anasoma dua, konda akaruka chini mbio na jiwe kubwa akalitupia nyuma ya tairi letu, akakimbilia lingine akalitupia la pili, halafu akasimama anahema ananiambia "bro tulia, nimekushika". Nikashindwa kumweleza. Nikavuta hendibreki, nikaachia pedeli, kimya. Konda akajua ni mawe yake. Abiria wakampigia makofi.

Kufika ukweni tukawakuta wazee wamekaa barazani wamejipanga, kanzu, makoti, kina mama pembeni na vigelegele viko tayari. Uwanja wao una mteremko. Nikasimama taratibu kwa heshima zote na kupaza kwamba tunarudi nyuma. Vigelegele vikakata. Bibi mmoja akasema kwa sauti "wameghairi hao!" Babu wa binti akanyanyuka na fimbo.

Nampa mshenga heshima zake. Alishuka, akavua kofia, akasema: "Wazee wetu shikamooni. Kwetu mtu haingii kwa watu kimya kimya, gari yetu ilikuwa inapiga hodi." Babu akasema hodi gani ya kuondoka? Tukatozwa faini ya kelele kabla hata ya kukaribishwa, ikaandikwa kwenye karatasi ileile ya mahari, juu ya mkaja wa mama.

Mazungumzo yakaenda vizuri lakini. Kufika kwenye blanketi la babu, mzee akanyamaza kidogo, akasema blanketi analo. Anataka kile kitu kinachoongea. Ana pikapu ya kubebea mboga, akirudi nyuma gulioni watoto hawapishi, na yeye shingo haigeuki tena. Baba mdogo alikubali kabla mshenga hajafungua mdomo.

Kesho yake akaletwa fundi umeme wa mjini pale, kijana mpole, ana testa ya taa na koleo tu. Akafungua taa ya kushoto, akachungulia, akauliza: aliyefunga hii, wakati anatafuta waya wa rivasi nani alikuwa kwenye usukani? Baba mdogo akasema mimi, fundi kaniambia weka R nikaweka R. Mguu ulikuwa wapi? Kwenye breki, sasa gari inaunguruma iko R ungetaka niweke wapi mguu? Kijana akacheka. Ndiyo hiyo. Ukiwa R na umekanyaga breki, waya wa rivasi una moto na waya wa breki una moto, testa inawaka kote kote, fundi akashika wa kwanza uliowaka. Na wakati wa kujaribu ukaweka R tena, mguu uleule kwenye breki, ikaongea, mkalipana. Yeye akafanya hivi: injini imezimwa, swichi ON, hendibreki juu, gia R, mguu nje kabisa, halafu ndio akapima, waya mmoja tu ukawaka. Akaifungua spika kwetu, akaifunga kwenye pikapu ya babu kwa mtindo huohuo, nyekundu kwenye waya wa rivasi, nyeusi kwenye bodi. Kushuka Soni kurudi Mombo niliweka gia 2, sehemu kali L, injini inashika gari yenyewe breki hazipati moto, na ndani ya gari kimya, mpaka mama mkubwa akalalamika anahisi upweke.

Tulikuwa hatujafika hata Korogwe simu ikaita. Babu. Kaongea na mshenga muda mrefu, mshenga anaitikia tu "ndiyo mzee, ndiyo mzee". Alipokata akageuka akamwangalia baba mdogo. Babu anasema tumempunja. Kile chetu kilikuwa kinaongea safari nzima, chake mpaka arudi nyuma, na kama ndio hivyo basi blanketi lirudi kwenye karatasi.