Nahodha Ameokoa, Sasa Awapeleke Wapi?

Agosti 2020, Malta iliiomba meli ya mafuta ya Denmark, Maersk Etienne, ikawasaidie watu 27 waliokuwa hatarini kwenye mashua ndogo katika Mediterania. Nahodha aligeuza meli, akawachukua. Kisha akakosa pa kuwashusha. Walikaa melini siku 38. Watatu walijirusha baharini, na mabaharia wakalazimika kuwaopoa kwa mara ya pili.

Kuhusu wajibu wa kuokoa, sheria haina utata. Kifungu cha 98 cha Mkataba wa Sheria ya Bahari wa 1982 kinaitaka kila nchi iwalazimishe manahodha wa meli zake kumsaidia yeyote aliye hatarini kupotea baharini, ilimradi wasihatarishe meli na waliomo. Anayezama haulizwi pasipoti. Ugumu unaanza baadaye. Marekebisho ya mkataba wa uokoaji, yaliyoanza kutumika 2006, yanaibebesha nchi inayosimamia eneo la uokoaji, yaani sehemu ya bahari ambako inaratibu uokoaji, jukumu la kuhakikisha mahali salama pa kuwashusha panapatikana, lakini hayasemi kwamba lazima pawe kwenye ardhi yake. Malta haikuyakubali.

Malalamiko ya nchi za pwani si ya kupuuzwa. Eneo la uokoaji la Malta ni kubwa kuliko kisiwa chenyewe mara mamia, na kwa miaka mingi kanuni za Dublin za Umoja wa Ulaya zimeitwisha nchi ya kwanza kufikiwa mzigo wa kushughulikia maombi ya hifadhi. Nchi za bara zikakaa mbali na kutoa mawaidha. Hapo Malta na Italia zina haki ya kukasirika.

Hoja yao nyingine, kwamba uokoaji unawavuta wahamiaji, naiona dhaifu zaidi. Sikatai kwamba wasafirishaji haramu huziweka meli za uokoaji katika mahesabu yao. Lakini Italia ilisitisha Mare Nostrum, operesheni ya uokoaji ya jeshi lake la majini, mwishoni mwa 2014, na Aprili 2015 mashua moja ikazama na mamia ya watu. Safari hazikukoma, waokoaji ndio waliopungua.

Kosa, nionavyo, ni kuchanganya kushushwa na kupokewa. Mtu akishushwa bandarini hajapewa hifadhi. Ombi lake husikilizwa akiwa nchi kavu, na anaweza kukataliwa. Mabishano ya nani abaki naye yamalizwe kati ya serikali, kwa mgao uliokubaliwa mapema, wala si kwa nahodha mwenye ngazi ya kamba mkononi.

Tarehe 11 Oktoba 2013, mashua iliyojaa Wasyria ilipiga simu ya dhiki. Kwa saa kadhaa Roma na Malta zilitupiana jukumu, ilhali meli ya kivita ya Italia, Libra, ilikuwa mwendo wa kama saa moja tu. Zaidi ya watu 200 walikufa, wakiwemo watoto 60. Mwaka 2021, Kamati ya Haki za Binadamu ya Umoja wa Mataifa iliamua kwamba Italia ilishindwa kulinda uhai wao, ingawa mashua ilizama nje ya maji yake.